Mwanya ulionijia ukubwani, jeli ya nguruwe na mama mkwe wangu Msabato

Wakuu, salamu kutoka milima ya Nyamira, ambako leo mvua imeamua kutupa mapumziko.

Chai tunalima sana huku, lakini nitakayosimulia si chai. Ni mambo ya mdomo wangu mwenyewe, na nikisema mdomo namaanisha mdomo: meno, ufizi na vyote vilivyomo.

Mimi ni fundi wa cherehani. Kibanda changu kiko sokoni karibu na Sironga. Nashona sare za shule, na shule zikikaribia kufunguliwa hata salamu naitikia kwa kichwa, maana mdomo umejaa pini.

Sasa, miaka michache iliyopita nikaota mwanya.

Ndiyo, mwanya. Katikati ya meno mawili ya mbele, ya juu. Mnajua vile mwanya ni urembo. Kuna wasichana walinyimwa na Mungu wakaenda kuchongwa. Mimi nilikuwa nimefika umri wa kuitwa mama na kila mtu, nikijua kwa habari ya urembo nimeshapewa changu chote, mara naletewa nyongeza.

Wateja wakaanza kunisifu. Mume wangu, ambaye ni fundi rangi na hata nikisuka nywele upya haoni, aliniangalia tukila chakula cha jioni akasema, "Mama Kemunto, siku hizi unacheka vizuri."

Basi nikawa nacheka hata mambo yasiyochekesha.

Wale mnaojua mambo ya fizi najua mmeshaanza kutikisa vichwa. Ngojeni.

Kila nikipiga mswaki nilikuwa natema damu kidogo. Nikalaumu mswaki, nikanunua laini. Damu ikaendelea. Nikasema labda nina damu nyingi, inapunguka yenyewe. Maisha yakaendelea.

Kilichonishtua ni uzi. Mimi nilikuwa nakata uzi kwa meno, kama mafundi wengi mnaowajua. Siku hiyo nikauma uzi wa nailoni, nikavuta, na jino likafuata uzi.

Halikung'oka. Lilikuja mbele kidogo, kisha likarudi mahali pake kama mlango wenye bawaba mbovu.

Nikaweka kidole. Linacheza. Nikagusa la pili. Nalo linacheza.

Niliogopa, wakuu, sitawadanganya. Nilijiona nikiwa kibogoyo wa mbele, nikiongea na wateja huku nimeshika leso mdomoni. Na mimi ni mtu wa kuongea. Nikinyamaza biashara inalala.

Kesho yake nikafunga kibanda nikaenda Kisii mjini.

Daktari wa meno niliyemwendea ni binti ninayemjua tangu akivaa sare. Wazazi wake ni Wahindi wenye duka la vitambaa ninaponunua vitu vyangu, na alikuwa anafanyia kazi za shule juu ya marobota ya kitambaa pale nyuma. Siku hizi ana kliniki yake. Akaniona tu akanisalimia, "Bwakire buya, Mama Kemunto," Ekegusii safi kuliko cha watoto wangu.

Nikamwambia nimekuja kwa sababu ya meno yanayocheza, ila mwanya auache jinsi ulivyo.

Akanipima ufizi na kijiti chembamba cha chuma, akanipiga eksirei, akaweka ile picha kwenye kompyuta. Akanigeuzia nione.

"Mama Kemunto, huu si mwanya. Meno yanahama."

"Yanahama yanaenda wapi?"

"Yanakutoka."

Mwanya wote ule niliokuwa naringia sokoni.

Akanielezea vizuri, na mimi nitawaelezea vile nilivyoelewa. Jino halijapigiliwa kwenye mfupa kama msumari. Kati ya mzizi na mfupa kuna nyuzinyuzi nyingi ndogo zinazolishika. Uchafu ukikaa chini ya ufizi unageuka kuwa kama jiwe, ufizi unavimba, unatoa damu, na pole pole zile nyuzi zinaachia na mfupa unaliwa. Jino lenyewe linaweza kuwa zima kabisa, hata tundu halina. Kinachoharibika ni kile kinachoshikilia.

Hapo nilimwelewa haraka. Kitambaa kizima, mshono umefumuka.

Kazi ya kwanza ilikuwa kukwangua lile jiwe chini ya ufizi. Nilirudi mara kadhaa. Damu ikakoma, ufizi ukatulia, hata harufu ya mdomo, ambayo hakuna aliyekuwa amethubutu kuniambia, ikaisha. Lakini kando ya mizizi ya yale meno mawili mfupa ulikuwa umebaki na mashimo. Meno bado yakawa yanacheza.

Akasema kuna njia mbili. Kuyang'oa na kuweka ya bandia. Au kuufungua ufizi kidogo, kusafisha mzizi mpaka chini, na kuweka jeli ya protini za enameli ili mwili ujaribu kujenga upya ulichopoteza.

Nikaenda nyumbani na hilo neno. Nikamwambia mume wangu, "Daktari anataka kunipaka enameli kwenye ufizi."

Wakuu, niliwaambia huyu ni fundi rangi.

Akaweka kikombe chini. "Enameli?"

"Enameli."

"Ile ya mageti?"

"Sijui kama ni ya mageti. Yeye alisema enameli."

"Itakauka aje na mate? Na hiyo kitu ukipaka lazima uwe na thinner. Thinner utatemea wapi? Hapana. Mimi nitaenda na wewe nimsikie huyo daktari."

Siku ya kurudi akaja kweli, amevaa koti lake la kanisa. Daktari hakumcheka. Akamwambia enameli ni ile sehemu nyeupe ngumu ya nje ya jino, na hao wanaotengeneza rangi ndio walioazima jina. Jino likiwa bado changa ndani ya ufizi, kuna protini zinazotengeneza hiyo enameli. Na wataalamu waligundua kwamba protini hizo hizo ukizipaka kwenye mzizi uliosafishwa, seli za hapo karibu zinaamka na kufanya kama vile jino ndio linazaliwa. Zinaanza kujenga tena zile nyuzi, na tabaka jembamba la juu ya mzizi, na mfupa.

"Lakini mnakwangua kwanza?" mume wangu akauliza.

"Tunakwangua mpaka mzizi uwe safi kabisa. Tunaosha. Ndio tunapaka."

Akaegemea kiti, ameridhika. "Sawa. Ukipaka juu ya kutu unajidanganya tu."

Nikajua tumemaliza, nikaanza kutafuta mkoba wangu. Daktari akaweka kalamu chini.

"Kuna kitu lazima niwaambie kabla hamjakubali. Hizi protini zinatolewa kwenye meno machanga ya watoto wa nguruwe."



Mume wangu akaangalia juu. Akaangalia sana. Kisha akasema, "Hii dari yenu ilipakwa vibaya."

Niwaeleze wasiotujua. Sisi ni Wasabato, na si wa Sabato moja moja. Mume wangu ni shemasi. Mimi nilikuwa miongoni mwa akina mama wanaooka mkate wa Meza ya Bwana, ule usiotiwa chachu, unaoliwa kila robo ya mwaka. Nguruwe kwetu haliwi, na kuna nyumba hata jina lake halitajwi watu wakiwa mezani.

Nikauliza kama hakuna ya mnyama mwingine.

"Kuna unga wa mfupa wa ng'ombe," akasema. "Watu wengi wanawekewa. Kwa shimo la aina yako singeanza na huo, lakini upo."

"Ng'ombe tunakula," mume wangu akasema haraka.

Daktari akacheka. "Nyinyi mnakataa nguruwe, na sisi kwetu ni ng'ombe. Nikiwekewa huo unga mama yangu ataitisha kikao cha ukoo. Mimi hata yai sili."

Nikamwuliza moja kwa moja. Kama haya meno yangekuwa yake, angefanya nini?

Akafikiria. Na jibu alilonipa ndilo lililonifanya nimwamini mpaka leo.

"Ningengoja. Kuna watafiti wanaotengeneza vipande vifupi vya hiyo protini kwenye maabara, wanaviita peptidi, bila mnyama yeyote. Wanachukua tu ile sehemu inayoziambia seli zifanye kazi. Lakini bado sina kitu cha namna hiyo cha kukuwekea leo. Na kwangu ni rahisi kusema ningengoja, meno yangu hayachezi. Yako sijui kama yatangoja."

Angeweza kunyamaza, wakuu. Ningelala pale, ningewekewa, ningelipa, ningerudi Sironga nikimsifu Mungu, na nisingejua chochote. Aliniambia kwa sababu yeye mwenyewe angetaka kuambiwa.

Tukasema tunaenda kufikiria.

Sasa mume wangu ana tabia moja. Hakuna jambo asilomwambia mama yake. Akachukua simu, "Baba, kuna maneno." Msishangae. Kwa Ekegusii mama anaitwa baba, na baba anaitwa tata, ndio maana wageni wakisikiliza simu zetu wanachanganyikiwa.

Mama mkwe wangu ndiye mkuu wa mashemasi wa kike kanisani kwetu. Ndiye aliyenifundisha kuoka ule mkate: unga, mafuta, maji, chumvi kidogo, na jikoni kimya, hakuna umbea. Ni mtu mwema. Lakini akisimama kwenye jambo lake, hata trekta haimtoi.

Kesho yake akanifuata kibandani. Kulikuwa na wateja.

"Nimesikia unataka kutiwa embeche kwa mdomo."

Embeche ni nguruwe. Mteja mmoja akajifanya anaangalia vifungo.

"Si kula, mama. Ni dawa."

"Inaingia kwa mdomo ama kwa sikio?"

"Kwa mdomo."

"Basi."

Akaketi kwenye benchi akapumzisha magoti. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira: "Mkate wa robo hii utaokwa na mwingine. Sikufukuzi. Ukifanya hiyo kitu, tutangoja kwanza tuone."

Akaaga vizuri, akaenda.

Iliniuma. Niliinamia cherehani nikashona mfuko wa kaptura mara mbili mahali pamoja. Si kwamba mkate ni cheo. Ni kwamba kila nikiukanda nilikuwa najisikia mtu wa maana mbele za Mungu, na sasa nilikuwa naambiwa nichague kati ya hilo na meno.

Nikampigia mchungaji. Akanisikiliza kwa upole, akasema jambo hili atalitafakari. Bado analitafakari.

Mume wangu naye akasema, "Meno ni yako, mimi siwezi kukukataza. Mama nitaongea naye." Akaenda kwa mamake, akakaa huko sana, akarudi. Nikamwuliza wameongea nini. Wameongea habari ya majani chai na bei ya mbolea.

Ikabidi nifikirie mwenyewe. Nikasoma Biblia, nikaomba, nikasoma tena. Na nilipofika ni hapa: nguruwe nimekatazwa kumla. Sijaona mahali nimekatazwa kusaidiwa naye. Kama ningeona, ningeyaacha meno yaende. Kuna ndugu zangu wa imani hawatakubali, na siwalaumu. Hata mimi nililisema kwanza nikiwa peke yangu.

Nikapiga simu kliniki nikasema, "Weka."

Siku yenyewe nilichomwa ganzi, sehemu yote ya mbele ikawa kama si yangu. Ufizi ukafunguliwa, nikasikia kukwanguliwa, kuoshwa, halafu kikaja kibomba kidogo chenye kitu kama maji mazito yasiyo na rangi. Nilibana pumzi nikitarajia harufu ya zizi. Hakuna harufu. Kitu chenye kelele yote hiyo nyumbani kwetu, na hakikujaa hata kijiko.

Kisha akashona. Hapo nikadai kioo.

Nyuzi zake ni nyembamba kuliko nywele, na mshono umelala sawasawa. Nikamwonyesha kidole gumba. Singeweza kusema kitu, na mume wangu aliyekuwa akingoja nje anasema hiyo ilikuwa siku ya amani kubwa.

Nyuma ya meno akabandika waya mwembamba kuyashikanisha yasichezecheze wakati wa kupona. Mgomba ukizidiwa na mkungu tunaupigia nguzo. Ni hivyo tu.

Baada ya hapo ni masharti. Usipige mswaki pale mpaka uambiwe. Uji, ndizi za kupondwa, supu ya vuguvugu. Dawa ya kusukutua iliyoyafanya meno yangu rangi ya chai. Na uzi usikatwe kwa meno tena maisha yako yote. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko kisu. Nimefunga mkasi kwa kamba shingoni na bado kila saa nikijisahau nainamisha kichwa kutafuta uzi.

Na inahitaji subira. Mfupa si mchicha. Nilirudi kusafishwa, nikarudi tena, naye kila mara anasema tusubiri. Alinionya mapema kwamba wengine inawashika vizuri na wengine kidogo tu, na wanaovuta sigara au wasiosafisha wanatupa pesa.

Mwisho akanipiga eksirei nyingine akaiweka kando ya ile ya zamani. Pale palipokuwa na kivuli cheusi kando ya mizizi pamejaa. Si pote, lakini pamejaa. Akashika jino kwa vyuma viwili akalisukuma.

Halikwenda popote.

Nililia pale kwenye kiti. Daktari akanipa karatasi ya kujifuta, akajichukulia na yeye moja. Mume wangu akauliza kama mwanya unaweza kubaki. Akaambiwa ukibaki hauna madhara, mradi meno yametulia. Akafurahi kama aliyerudishiwa kitu kilichopotea.

Kumbe nyumbani mambo hayakuwa yametulia. Robo zikapita, mkate ukaokwa na wengine. Sikulalamika kwa mdomo. Nililalamika kwa uso. Na mama mkwe tulikuwa tunasalimiana vizuri, tunaulizana habari za ng'ombe, basi.

Ikafika Sabato ya Meza ya Bwana. Kwetu kabla ya mkate huwa tunatawadhana miguu, wanaume upande wao, wanawake upande wao, wawili wawili. Ni wakati wa kutengeneza na mtu. Nikavua viatu nikaketi mwisho wa benchi. Wenzangu wakaanza kuchaguana. Nikabaki. Nikawa naangalia soksi zangu kana kwamba zina maandishi.

Nikasikia beseni likiwekwa chini mbele yangu.

Ni mama mkwe. Akapiga magoti, magoti yale yanayomsumbua, akaikataa mikono yangu nilipotaka kumzuia. Akaniosha mguu mmoja, akaniosha wa pili, akanipangusa na taulo kila kidole. Mimi machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

Kisha akasema, "Fungua mdomo."

"Mama, hapa?"

"Fungua."

Nikafungua. Akachungulia. Akainua kidole anataka kulijaribu jino. Nikamwambia, "Mama, hiyo mikono imetoka kwa miguu yangu." Akaitazama, akaifuta kwenye taulo, akalisukuma tu.

"Haichezi."

"Haichezi, mama."

Akageuka kuona kama kuna mtu karibu. Akavuta mdomo wake wa juu pembeni, akalisukuma jino moja kwa ulimi, nikaliona likienda na kurudi. Akaninong'oneza sikioni:

"Hii yangu iko hivi tangu tuvune mahindi. Uliza yule binti wa duka ya vitambaa kama hiyo embeche bado iko."

Wakuu, nilicheka mpaka nikapiga beseni teke, maji yakaenda chini ya benchi lote. Akina mama wakatugeukia. Mama mkwe akasimama kwa heshima zake zote, akakunja taulo, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Robo ijayo unga nitakuletea. Uchekeche vizuri."

Basi hayo ndiyo yangu.

Nilichojifunza ni kidogo lakini nimekilipia. Ukiona damu kwenye mswaki usibadilishe mswaki, nenda ukaangaliwe. Ukipata mwanya ukubwani usishukuru kwanza. Na mtu akitaka kukuwekea kitu mwilini, mwulize kimetoka wapi, hata kama jibu litakuvurugia nyumba kwa muda. Uamuzi unaoujua unalala nao vizuri. Uwe ndiyo, uwe hapana.

Wenye uzoefu wa fizi, karibuni mseme yenu. Wasabato wenzangu mnaotaka kunirekebisha, njooni pia, ila kwa upole. Na kama kuna daktari humu anayejua zile peptidi za maabara zimefikia wapi, tafadhali aandike, kuna binti Kisii anazingojea kwa hamu.

Mama mkwe anaangaliwa Jumanne. Amenikataza kumwambia mtu yeyote kanisani, na nimetii. Nimewaambia nyinyi tu.